Ramani ya Bunge kwa Kidato cha Tatu

5 Mei

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima wa mwili na wa majigambo. Mgongo wako je, umetulia? Na mama, kile kikohozi?

Barua nimeipata. Kumbe Kidato cha Tatu chako chote, watoto thelathini na wanane, mnakuja mji mkuu kujifunza uraia, na Mwalimu Mkuu amekubali kwa sababu moja tu: umemwambia mdogo wako anafanya kazi Bungeni na atawatembeza. Dada, umempata mtu. Ghorofa zote sita hakuna chumba nisichokijua. Jana mheshimiwa mmoja mzito alikuwa mita moja kutoka kwangu, anachokonoa meno. Nyinyi mliomaliza shule mnawaona gazetini. Sisi tulioishia kidato cha pili tunawaona wakichokonoa meno.

Waambie wavae masweta. Huku juu kuna upepo.

Mdogo wako, Mkubwa wa Mji

19 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kikohozi cha mama kimepungua, mdomo wako ndio naona unazidi. Mwalimu Mkuu anataka mambo matatu kwa maandishi: wageni wanaingilia mlango upi, nani atawapokea watoto, na ramani ya vyumba, ili kila kundi lijue linaanzia wapi.

Nina binti mmoja darasani, hajawahi kutoka nje ya wilaya hii, lakini kanuni za Bunge amezikariri kama jina la mama yake. Usiniangushe. Mwalimu Mkuu anatafuta kisingizio tu, na safari hii ikifa, amesema hakutakuwa na nyingine.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Habari za huko? Mimi niko imara kama nguzo, ila kukaa kitako siku hizi siwezi, kazi nyingi.

Ramani hiyo hapo, nimeichora kwa rula, wewe uliyesema mkono wangu ni wa kuku. Ghorofa ya pili, mstari mmoja: maktaba kushoto kabisa, ukumbi mkubwa katikati, waandishi wa habari kulia. Ukumbini viti ni vya kijani, kimoja cha mstari wa nyuma kimechanika, na saa ya ukutani inachelewa dakika nne. Nani mwingine angekupa hayo?

Habari ya mlango nitakujulisha. Mtu wa kiwango changu hahangaiki na milango.

Mdogo wako

18 Juni

Dada,

Hamjambo? Wiki mbili kimya. Ramani imepotea? Leo nimeshuka kazini mara tatu kuuliza barua, hadi msimamizi ananiuliza kama nimeoa.

Nimefikiria. Labda ahirisheni. Watoto wenyewe watasinzia, mgongo wako haupendi safari, na mimi huenda nikahamishiwa jengo jingine. Si kwamba naogopa. Naogopa nini?

Mdogo wako

24 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo sote. Mama anakusalimu.

Uliponikwepa habari ya mlango, niliandika mwenyewe kwa ofisi ya wageni ya Bunge. Wakajibu vizuri, wakaambatanisha na ramani yao. Kwao maktaba iko kulia, waandishi kushoto. Mwalimu Mkuu aliziweka ramani hizo mbili mezani, akacheka. "Mwalimu, huyu mdogo wako hajawahi kuingia humo ndani." Akaikunja fomu ya safari.

Nilitoka na ramani yako nikitaka kuichana. Nikaishia dirishani, nimeiegemeza kwenye kioo, upande wa nyuma ukinitazama. Mwanga ukapita. Maktaba ikaenda kulia. Vyumba vyote vikalingana na vya ofisi, mpaka choo. Nikaukumbuka upepo wako. Nikavuta kiti nikakaa.

Unaning'inia kwa kamba, mdogo wangu, unasafisha vioo vya Bunge.

Nilimwita Mwalimu Mkuu aje pale dirishani. Aliilinganisha na ile ya ofisi chumba kwa chumba, kisha akasema, "Basi kachora sawasawa," akaikunjua fomu, akaweka sahihi.

Tunakuja tarehe 8 Julai. Saa nne asubuhi tutakuwa ukumbi mkubwa, na afisa wa wageni ndiye atakayetutembeza. Watoto nimewaambia ukweli: mdogo wangu ndiye anayelifanya Bunge lionekane. Binti wa kanuni anauliza utakuwa kwenye kioo kipi.

Dada yako

1 Julai

Dada yangu,

Sijambo. Kamba ni mbili, mama usimwambie hata moja.

Nimembembeleza msimamizi, zamu ya ukumbi mkubwa siku hiyo ni yangu. Ndoo nitapanda nayo mpya. Ila nina ombi kwa huyo binti. Miaka miwili nawaona waheshimiwa wakifungua midomo, sauti sijawahi kuisikia hata siku moja, kioo ni kinene. Aandike wanayosema, yote, halafu umtumie mtu wa vioo.

Nitakuwa kioo cha saba kutoka kushoto. Kushoto kwenu, si kwangu. Safari hii nimegeuza mwenyewe.

Mdogo wako