Video ya Ndoa Yangu

Bukavu, Dimanche kisha misa

Yaya Guy, kaka yangu,

Maman anakusalimia. Mvua inanyesha, na bwana yangu ameanza kuzoea sombe yangu, majani ya muhogo vile ninayapika. Sasa jibu lako: hapana, sitakutumia video ya ndoa yangu. Acha kuniomba.

Unajua vile tunafanyaka cortège ya magari ya ndoa huku: mutu wa camera anakaa mu coffre wazi, kule nyuma ya gari ya mbele, miguu inje, anafilme gari ya bibi-arusi yenye kufuata pole pole. Pole pole, Yaya! Lakini weye, kule Bruxelles, na filme zako za magari yenye kufukuzana, ulipigia cousin David simu akiwa ku volant, anaendesha ile gari ya mbele: «Lami ya kuenda Miti iko muzuri, mukimbizane, itatoka cinéma!» Na ule mupumbavu akakusikiliza.

Mu kona, Lucien wa camera alianguka. Tulimuzika Mardi. Ni yeye alikuwa mutoto wa kwanza kwao. Na weye unaandika mu groupe ya famille: «Pole, ni accident.»

Accident gani?

Video iko. Niliiangalia mara moja. Gari yetu inakuja mbio na maua yake, na simu ya David iko mu haut-parleur, sauti yako inasikika muzuri kabisa: «Ongeza! Ongeza!» Kisha mawingu tu.

Mama ya Lucien naye anaiomba. Yeye nitamupa.

Dada yako,
Aimée