Kwa Mama, Mgonjwa Mkuu wa Darasa

Mwaka umezunguka, Mama, tangu ulipolala kwenye kile kitanda cha mafunzo ukakataa kuinuka, na sisi bado tumeduwaa. Watu wanasema machozi hukauka. Huenda. Ila vinywa vyetu havijafungika tangu siku ile.

Miaka yote tuliyokujua ulifua nguo za watu. Kisha hospitali ikatangaza mafunzo ya bure ya wasaidizi wa wauguzi, kwa watu wazima wasio na uwezo wa kulipa karo, na mwisho wake ajira wodini. Ulirudi nyumbani umeshika kiuno. "Nimejiandikisha," ukasema. Baba akashusha kikombe.

"Umri huo, mama watoto? Utasoma na nani?"

"Na wenye umri huu, baba watoto. Tuko wengi."

Basi tukakoma. Nyumba ikageuka wodi. Aliyejilaza mchana ulimgeuza ubavu asipate vidonda vya mgongo, hata kama amelala dakika tano tu. Baba ulimlisha uji kwa kijiko, kitambaa kifuani, na alipothubutu kusema ana mikono yake, ukamkata: "Mgonjwa hajibizani na muuguzi. Fungua mdomo." Akafungua. Tuliocheka tukapimwa presha. Bibi, mama mkwe wako, ndiye mtu pekee duniani aliyeficha kikohozi kwa kuogopa kuhudumiwa.

Darasani kwenu mdoli wa mazoezi alikuwa amevunjika shingo, kwa hiyo wanafunzi mlipokezana kulala kitandani mkijifanya wagonjwa. Hapo ndipo ulipopatia. Wenzako walilala, wewe uliugua. Uligoma dawa. Uliuliza mbuzi wako kafungwa wapi, na hujawahi kufuga mbuzi. Ukiambiwa uzimie, ulilegea kiasi kwamba mkono ukiinuliwa ukiachiwa unaanguka puu. Wakakupa cheo: Mgonjwa Mkuu.

Siku ya mtihani wa vitendo ulifaulu asubuhi na mapema. Ukatutumia ujumbe: "Nimepita! Msile bila mimi." Ungeweza kurudi. Lakini alibaki Fundi, yule fundi viatu wa njia panda mliyesoma naye, ambaye mara ya kwanza alianguka mtihani huo kwa kutetemeka, na akianguka tena ndiyo basi, kazi ameikosa. Akakuomba uwe mgonjwa wake.

"Usitetemeke, kaka," ulimwambia mbele ya wote. "Leo nitakuwa mgonjwa mpole. Hata mbuzi simtaji."

Kazi yake ilikuwa kumsafisha na kumgeuza mgonjwa aliyepoteza fahamu. Alikufuta uso, akakukausha nyuma ya masikio, akakugeuza taratibu, na kila hatua akikueleza, maana mlifundishwa kwamba aliyezimia huenda anasikia. "Sasa nakugeuzia upande wa dirisha, dada. Usiogope, nimekushika." Mkono wake ulitulia tuli. Wako ulipoanguka puu, darasa likacheka chinichini. Mwalimu, muuguzi wa siku nyingi, akatangaza kwamba Fundi amefaulu. Makofi. "Haya, inuka, Mgonjwa Mkuu!"

Hukuinuka. Wakacheka zaidi. Mmoja akakutekenya unyayo. "Jamani, huyu mama atatuua!" Mwalimu ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza.

Daktari alitueleza kwamba mshipa wa damu ulipasuka kichwani, ghafla, na kwa ukubwa wa mpasuko ule, hata wangejua pale pale wasingekuwahi. Tuliitikia kwa vichwa kama watu waliosikia. Hatukusikia kitu. Chakula kilikuwa kimefunikwa mezani, tunakungoja. Mtu anaaga asubuhi anakwenda kufanya mtihani, anafaulu, halafu? Siku hizi Bibi anakohoa waziwazi, mlango wazi, na hakuna anayekuja na kijiko.

Fundi alikataa cheti. Alirudi kwenye kibanda chake cha viatu, na njia ya hospitali akaihama kabisa. "Alikuwa anakufa mikononi mwangu," alimwambia kila aliyemsalimu, "na mimi nashangilia maksi." Tulikwenda kumbembeleza, akakwenda dada yako, akakwenda Mwalimu. Wote alituangalia viatu.

Mwezi uliopita kiatu kilimchubua Baba kisigino. Akaficha, si unamjua. Kidonda kilipochachamaa, akapeleka kiatu kwa Fundi kikatanuliwe, eti dawa ni hiyo. Alipokivua, soksi ilikuwa imegandia kwenye nyama.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Kiatu kinabana."

"Sijauliza kiatu, nimeuliza mguu."

Fundi akaweka sindano chini. Akaomba maji safi na sabuni duka la jirani, akanawa mikono kama mlivyofundishwa, kidole kwa kidole, akapiga goti pale pale barazani watu wakipita. Halafu akaanza kusema, polepole: "Sasa nalowesha soksi, shemeji. Itauma kidogo. Usiogope, nimekushika."

Baba, ambaye kaburini hakutoa hata chozi, akalia mbele ya wateja.

"Na yeye ulimwambia hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mpaka mwisho."

"Basi wewe hukuwa unashangilia maksi. Ulikuwa unauguza. Mke wangu alikufa anauguzwa, bwana, na aliyemuuguza ni wewe."

Fundi alimaliza kuosha, akafunga kidonda, akafunga na kibanda. Wakaongozana hospitalini, Baba akichechemea kiatu mkononi, na huko Fundi akachukua cheti chake kwa Mwalimu. Jumatatu iliyofuata Fundi aliingia wodi ya wanaume, zamu yake ya kwanza. Kiatu cha Baba hakijatanuliwa hadi leo, na Baba hadai.

Unakumbukwa na mumeo; sisi wanao, wakubwa kwa wadogo; mama mkwe wako; dada yako na wanawe; majirani uliowapima presha wakitaka wasitake; Mwalimu na darasa lako zima; na kaka yako Fundi, ambaye leo yuko kazini.

Kukusahau hatujui, Mama, na hatuna mpango wa kujifunza.