Ufa Wenye Midomo

Wifi Mwanaidi,

Hali sikuulizi, huko uliko haiulizwi. Nisikilize tu, na leo usinikatize kama ulivyozoea.

Tangu uondoke, Korogwe imejaa ndoo za plastiki, nyekundu na bluu, zinaning'inia madukani kama mapapai. Mitungi yetu hakuna anayeigeukia. Mimi nafinyanga hivyo hivyo. Wakitamani maji ya baridi, mlango wangu hapa Masuguru wanaujua.

Sasa sikia. Juzi Zaina, mjukuu wetu uliyemwacha akisomea ualimu, kaja na gazeti lenye picha. Nikaitazama, nikawaka: nani kapanda ndege kwenda kupiga picha lambo letu la Handeni? Maana lilikuwa lile lile, Mwanaidi, wakati wa kiangazi: tope kavu, nyufa zimepitana, vipande vimeachana kama vigae. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Bibi, huu ni mwezi."

Si huu wetu. Ni mmoja wa miezi ya ile sayari kubwa, Jupita, na jina lake Europa. Kilichoupiga picha ni chombo kilichorushwa bila mtu ndani. Na lile si tope, ni barafu. Barafu hii hii ya kuuzwa stendi, imeufunika mwezi mzima!

Nikamnyang'anya gazeti. Mwezi wetu umejaa makovu ya mashimo. Ule unayo machache, kama mtungi uliopitishwa mkono wa maji jana. Vipande vingine vimesogea, lakini ukivirudisha kwa macho vinashikana. Na nyufa zake, wifi, zina midomo. Tuta huku, tuta huku, katikati mfereji.

Hapo nikaliweka gazeti chini. Unajua kwa nini.

Mwaka ule wa ukame tulipofuata udongo, uliinama lamboni ukasema, "Ufa wenye midomo umesukumwa kutoka chini. Chini kuna maji. Tuchimbe." Nikakucheka mbele ya wanawake wote, nikasema jua limekuingia kichwani. Tukabeba madebe mpaka mtoni, mwendo wa asubuhi nzima, nawe ukanifuata na debe lako. Hukulitaja tena mpaka unakufa. Afadhali ungenitukana.

Zaina akanisomea: wataalamu wanadhani chini ya barafu ile kuna bahari. Hawajaiona, wanasoma nyufa tu. Watu waliosoma mpaka nywele zimewatoka, wanasema neno lako.

Kesho yake nikapanda basi la Handeni na jembe langu. Lambo limekauka. Nikautafuta ufa wenye midomo, nikapiga magoti na uzee wangu huu, nikachimba. Mkono ulipozama hadi kiwiko, tope. Hadi begani, ubaridi. Kisha maji, Mwanaidi, yakapanda taratibu, rangi ya chai, yakanijaa kiganjani. Wamasai waliokuwa wakipitisha ng'ombe walisimama kumwangalia kizee anayecheka peke yake shimoni. Wakauliza kisima cha nani. Nikawaambia cha wifi yangu.

Basi, nilikosea. Nimeandika mara moja, sirudii.

Udongo wa shimo lile nimerudi nao. Nafinyanga mtungi mmoja, na nitakuletea mwenyewe kaburini Mnyuzi, umejaa maji yako. Ukipasuka usinicheke, tazama kwanza ufa wake.

Pumzika.

Wifi yako mbishi,
Mama Salehe