Ile Baiskeli Yako Isiyo na Breki

Dheere,

Hata huko uliko najua unajisifu. Hapa Garissa umeacha kelele nyingi kuliko ulipokuwa hai. Kila duka ninalopeleka mzigo, kabla hata salamu haijaisha, mtu ananiuliza, "Mzee Musyoka, na ile baiskeli ya Dheere iko wapi?" Hakuna anayeuliza habari ya yangu. Miaka yote hii naiendesha kutoka ofisi za mabasi hadi sokoni, na dawa za famasi, vipuri vya jenereta, karatasi za wakubwa, na hakuna hata siku moja mtu ameuliza imeamkaje.

Basi nakuandikia nikiwa na hasira. Na usiucheke mwandiko wangu. Mimi niliishia darasa la tano, wewe hata la tatu ulilipitia dirishani.

Iko kwangu. Mkeo Halima aliniita wiki tatu baada ya kukuzika. Yuko kwenye eda, kwa hivyo alikaa nyuma ya pazia, mimi nikakaa kibarazani na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia. Akasema, "Shemeji, marehemu alisema ile baiskeli uichukue wewe. Alisema, 'Mpe Gaab, aache kuitazama kama mbuzi anayetazama kibanda cha miraa.'"

Walaal, ndugu yangu! Umekufa na bado unanitukana, tena kwa mdomo wa mkeo! Nyinyi watu jina la mtu mnalichuma mwilini mwake: wewe Dheere kwa sababu ya urefu, mimi mnanipa Gaab kwa sababu Mungu alinikatia kifupi. Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Nikajifanya chai ni moto.

Sasa nikwambie jambo lililonifanya nishike kalamu. Jana baiskeli yako ilikuwa juu ya meza ya fundi Bare, magurudumu yamevuliwa, na drili imeshachomekwa kwenye umeme. Mimi ndiye niliyeipeleka. Kutobolewa.

Usishtuke kwanza. Sikiliza.

Unajua wivu wangu ulianzia wapi. Ulianzia kwa yule injinia wa barabara, yule wa kutoka bara, aliyekuja na hiyo baiskeli juu ya gari la serikali. Ni nani alikuwa akimpelekea barua zake kambini kwenye jua? Mimi. Akahamishwa wiki ileile nimeenda Mwingi kumzika shangazi yangu. Narudi, nakukuta umekalia siti yake, miguu mirefu kama ya korongo, unaniambia, "Alitaka mtu wa saizi." Wa saizi! Nilimlilia shangazi mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yake, ya pili kwa ajili ya baiskeli.

Halafu nikafanya ubaya. Nilizunguka duka kwa duka nikisema hizi baiskeli ni kitu kimoja. Zote gia moja, zote cheni moja, ila ya Dheere imepoteza breki na hana haya ya kuitengeneza. Watu wakaniamini, maana kwa macho ni kweli gia ni moja. Lakini mimi nilijua. Injinia alitueleza sote wawili kule kambini, kabla hajahamishwa: hiyo yako ilizaliwa kukimbia kwenye uwanja wa duara wenye kuta za kulala, ndiyo maana pedali zimekaa juu, zisikwaruze ukilala kwenye kona. Haina tundu la breki popote. Haina mahali pa keria wala madigadi. Gurudumu la nyuma na pedali ni mtu na kivuli chake: likizunguka, miguu izunguke. Kupunguza mwendo ni kukaza mguu kwa nyuma. Yangu ni baiskeli ya kazi. Nikichoka naiachia, gurudumu linakwenda, miguu imetulia, mimi nasalimia watu.

Na ulivyonichezea kwa hilo! Ukinipita pale darajani, ule ulimi wako: "Gaab, unabumzika sana! Baiskeli yako inakufundisha ufifu!" Kisha unafika dukani, mwenye duka bado anatafuta kalamu ya kutia sahihi, na wewe hushuki. Unasimama juu yake. Mguu haugusi chini. Unaisukuma mbele kidogo, nyuma kidogo, unamwuliza mtu habari ya ngamia wake wa Eldas kana kwamba umekaa kwenye kiti. Wauza maziwa wakikupigia makofi. Yangu nikikanyaga nyuma haijibu kitu, pedali zinazunguka bure. Nilikuwa natia mguu chini kama watu wote, na hakuna aliyenipigia kofi.

Kwa hiyo ile Ijumaa. Nimeibeba muda mrefu, wacha niitue. Uliniachia baiskeli nje ya msikiti kama kawaida yako. "Mkristo wangu wa ulinzi," ulikuwa ukiniita. Nikangoja hotuba ianze. Nikapanda. Vidole ndivyo vilivyofika kwenye pedali, lakini hatua mia za kwanza, Dheere, nilikuwa mtu mrefu. Nyepesi! Kimya! Hakuna mlio hata mmoja. Kisha nikaona watu wananitazama, nikafanya kile mwili wangu umezoea kufanya ukitazamwa. Nikapumzisha miguu.

Baiskeli yako haijui neno hilo. Ilinirusha kama punda aliyeumwa na nyigu, nikatua katikati ya madumu ya maziwa. Mama mmoja akapiga yowe, "Wallahi mzee huyu amelewa!" Mimi ambaye kinywaji changu ni chai.

Ulipotoka nikakwambia mbuzi ameigonga. Usukani umepinda, suruali yangu imelowa hadi magotini. Ukaizunguka mara mbili. Ukanusa. Ukasema, "Huyu mbuzi ananuka maziwa." Ukapanda na usukani wako mshazari, ukaenda. Hukunitajia tena mpaka unakufa. Hapo napo nilikuonea wivu. Mimi ningekutangaza hadi Modogashe.

Sasa rudi kwa fundi. Tangu Halima anipe, nimeiegemeza ndani karibu na kitanda na sijaipanda. Naiogopa. Bare akanipa shauri: tutoboe foki, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, tutie breki, gurudumu la nyuma tuweke gia ya kuachia kama ya baiskeli yangu, siti tuishushe. "Utaiendesha kesho yake, mzee." Nikakubali haraka. Nitakwambia kwa nini, maana wewe huwezi tena kunicheka mbele za watu. Sikukubali kwa sababu ya magoti yangu ya uzee. Nilikubali kwa sababu baada ya hapo maneno yangu ya dukani yangekuwa kweli. Zote kitu kimoja. Watu wangeiona na breki yake, na keria ya kufunga kwa waya, wakasema, kumbe Dheere alikuwa na baiskeli tu.

Bare akaweka ncha ya drili kwenye foki. Akanitazama. "Mzee, chuma hiki nikishakitoboa hakirudi. Nitoboe?"

Nikasema, "Toboa."

Drili ikaanza kulia. Na hapo, sijui, ule mlio. Nikaona kibanda changu jioni hiyo: baiskeli mbili zimeegemea ukuta, zote zangu, na hakuna hata moja yako.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima, Bare, zima!"

Akazima. Pana mkwaruzo mdogo tu kwenye rangi, ukubwa wa punje ya mtama. Huo utanisamehe. Akaniuliza, "Kwa hivyo itakuwaje? Hujui kuiendesha." Nikamwambia ajali mambo yake.

Leo asubuhi nimeitoa barabara ya Modogashe, pale lami ni nzuri na malori bado hayajaanza. Siti imeshushwa mpaka mwisho, hilo tu ndilo nililobadilisha. Nimekwenda kutoka kwenye kibao hadi kwenye mti wa mgunga bila kupumzisha miguu. Kusimama bado najua njia moja, kujitupa mchangani. Mwiba ulinichoma mahali ambapo sitakuandikia.

Mizigo nitaendelea kubeba na yangu. Lakini nakuahidi, Dheere: breki haitafungwa kwenye hiyo yako nikiwa hai, na kila nikiulizwa dukani nitasema ukweli, kwamba hazikuwa kitu kimoja na mimi nilijua. Na siku moja nitasimama juu yake mbele ya wauza maziwa, mguu haugusi chini, niwaulize habari za ngamia. Wakinipigia makofi, wewe ndiye utakayeona wivu. Zamu yako.

Kwaheri, mrefu wewe. Mungu wako na wangu wakulaze pema, na usininyoshee shingo barabarani kuniangalia kama naja. Bado nina mazoezi.

Ni mimi,
Musyoka, uliyemwita Gaab