Rangi Nyuma ya Pikapu

Jumamosi, Mbotela.

Leo nimeshinda nyuma ya pikapu nikisema "bado." Hiyo ndiyo kazi niliyofanya.

Jumatatu gari linakaguliwa. Likikataliwa hakuna mizigo, na mimi Wanyama, mbebaji wake, nitarudi kwetu Busia mikono mitupu.

Mzee Mutua, mwenye gari, alikanyaga breki. Taa ya breki ikakataa. Ya kugeukia ndiyo ikawaka kidogo, kama inaona haya. Fundi Ochieng akabadilisha balbu, fyuzi, halafu waya.

"Na sasa?" Mzee akauliza kila mara kutoka kwenye usukani.

"Bado."

"Wewe Wanyama, huna neno lingine?"

Saa tisa nikakumbuka rangi. Alhamisi nilizifungua taa, nikapaka nyuma yote mara tatu ili wakaguzi wapendezwe, nikazirudisha. Nikaomba bisibisi, nikakwangua pale taa zinaposhika bodi. Zote zikawaka.

"Umeme unarudi kupitia bodi, rangi imeuziba," Ochieng akasema. "Mjinga gani alipaka hapa?"

Mzee alijua ni mimi, ndiye aliyenisifu Alhamisi. Akaziangalia taa, akaniangalia mimi.

"Jumatatu uje na bisibisi," akasema.

Basi nina kazi mpaka Jumatatu.