Binti Aliyekataa Kazi ya Bunduki

Mshauri wetu mpendwa, kama umenizidi umri pokea shikamoo yangu, na kama hujanizidi nadai yangu. Naomba unisaidie, maana jambo hili limenikaa kooni wiki ya pili sasa, sili nikashiba.

Mimi ni mwanajeshi mstaafu, nilipigana vita miaka minne na sioni haya kusema hivyo, maana tulilinda daraja mpaka raia wa mwisho akavuka, na nilipostaafu nikafungua karakana ya kuchomelea vyuma nikamfundisha kazi binti yangu wa pekee, na nikwambie ukweli, mwanangu anaijua kazi, geti akilichomelea yeye kiungo hukioni mpaka uonyeshwe, hata wale mafundi wetu wawili wenye ndevu zao wanamwita Bosi na wala hawatanii. Nilimfundisha kwamba fundi hashiki chuma kabla hajamuuliza mteja maswali mawili, kitabeba nini na kitatumika wapi, kwa sababu kitanda cha mtoto na mnara wa tangi la maji havitumii chuma kimoja.

Basi akaja mkuu wa kikosi cha mji na pikapu sita, anataka zifungwe vyuma vya kushikilia bunduki kubwa nyuma, tenda ambayo karakana yetu haijawahi kuiona, na binti yangu akauliza maswali yake mawili kama anavyomuuliza mtu wa geti. Mkuu akacheka, akamjibu, "Zitabeba bunduki, zitakwenda sokoni. Kuna wachuuzi wameketi barabarani, hawataki kuhama." Binti yangu akavua kofia ya kuchomelea akaiweka mezani, akasema, "Samahani mkuu, hiyo kazi sitaifanya," na wale mafundi wawili nao wakazima mashine, pikapu zikaondoka kama zilivyokuja.

Sasa mimi ni mwenyekiti wa chama cha wastaafu wa jeshi, na wenzangu wakanijia juu, wakasema binti yangu anakula amani tuliyoipigania sisi halafu anatutemea mate, na mimi kwa kulinda heshima yangu nikasimama mbele ya mkutano mzima nikasema sikuzaa mwoga, yule si wangu tena. Maneno yakamfikia siku ileile. Amehamia kwa shangazi yake, simu yangu hapokei, na Jumamosi chama kinataka nisome barua ya kumwomba radhi mkuu wa kikosi kwa niaba yake, nikikataa wananivua uenyekiti. Na kinachonitesa zaidi, mshauri, nikiwa peke yangu namwonea fahari mpaka machozi yananitoka. Je, mwanajeshi anaweza kujivunia mtu aliyekataa silaha, au uzee umeniingia kichwani?

Ni mimi, Baba Fundi.

*

Baba Fundi, marahaba. Nimekuzidi, kwa hiyo kaa vizuri nikuseme.

Kwanza pole. Kumkosa mtoto aliye hai kunauma, na kwa hilo sitakutania. Lakini umejitakia mwenyewe. Umeniandikia ukurasa mzima wa kumsifu binti yako, na yeye hajasikia hata neno moja.

Wenzako wanasema anakula amani mliyoipigania. Waulize, mliipigania kwa ajili ya nani, kama si wachuuzi kama wale? Ninyi mlisimama darajani ili wasio na silaha wapite, yeye amekataa ili wasio na silaha wasipigwe. Adui akija na bunduki, watu wenye akili zao hawakubaliani la kufanya: wapo wasioshika silaha maisha yao yote, wapo kama wewe, na mimi mwenyewe sijui ningesimama upande gani. Ila mama muuza nyanya anayedai mahali pa kuuzia? Hapo hakuna mjadala, baba. Huo ni uonevu mtupu, hata ukivalishwa sare.

Halafu uoga umeuona wapi? Mwoga gani anamkatalia mkuu wa kikosi ana kwa ana? Siku ile ya mkutano mwoga alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeshika kipaza sauti. Usininunie, umeomba ushauri mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Barua hiyo usiisome. Jumamosi simama uwaambie wenzako kwamba uliteleza, kwamba binti yako amefanya kazi kama ulivyomfundisha, na uenyekiti wakiutaka wauchukue. Wenyeviti hawakosekani, lakini yeye hana baba mwingine. Usilete hadithi ndefu za kujitetea. Na mkuu akirudi karakana na vitisho, umpokee wewe mlangoni, wewe uliyezoea kulinda watu.

Ila kwa binti usingoje Jumamosi. Gazeti hili linatoka Jumatano asubuhi, na sijapata kumwona shangazi anayeiruka safu yangu. Vaa viatu uende sasa hivi, ukamwambie kwa mdomo wako kwamba unamwonea fahari, kabla hajayasoma maneno haya hapa.