Askari Wameshika Ufagio

Sasa Akinyi,

Msomee Mama kadi hii kwa sauti, na asianze kulia kabla hujamaliza. Ndugu yetu Odhiambo ametoka hospitali, tuko naye hapa mtaani Laini Saba. Homa ya uti wa mgongo imeisha, lakini alikuwa bado haongei. Daktari alinieleza kwamba ubongo una askari wake. Wakati wa amani wanafagia uchafu, ugonjwa ukiingia wanapigana. Shida ni kwamba vita vikiisha, wengine hawaachi, wanapiga hata wananchi, ndiyo maana haongei.

Nikamwambia mwenye nyumba wetu, Mama Halima, yule Mnubi. Akacheka. "Babu yangu alikuwa askari wa wazungu. Aliporudi kutoka vitani alipigana na milango, mpaka nyanya yangu akampa ufagio. Ngoja tu, hata hawa watatulia."

Leo mvua ikipiga mabati, nilikuwa namlisha Odhiambo ugali na omena. Akatafuna, akanikazia macho. "We Atieno, hii haina chumvi."

Nililia juu ya sahani yake, sasa chumvi imetosha. Mlale vizuri nyumbani. Mwambie Mama askari wameshika ufagio.

Dada yako,
Atieno